Mwenye Mpira wa Maji

Mazungumzo ya leo ni ya mbio za magari ya rimoti, na naomba msibadili stesheni mkidhani nimewaletea habari za vitu vya kuchezea watoto. Gari ninalolisema lina urefu wa dhiraa moja hivi. Kama ni la kipimo cha moja kwa kumi, yaani sehemu moja ya kumi ya gari la kweli, uzito wake ni kilo moja na nusu. Kama ni la moja kwa nane, ni kilo tatu na ushee. Lina difu, lina shokapu zenye mafuta ndani, na likipata njia iliyonyooka linagonga kilomita 60 kwa saa. Wanaoliendesha ni watu wenye ndevu zao, wengine wana wajukuu. Wanasimama juu ya jukwaa, kumi kwa mpigo, bega kwa bega, rimoti mkononi, na ukimsemesha mmoja wao wakati huo hakujibu, wala hakusikii.

Madereva wana wasemaji wao. Mimi leo nataka tumwangalie mtu mwingine, yule anayeingia uwanjani kabla jua halijachomoza, gambuti miguuni, mpira wa maji begani, anatembea polepole kando ya njia na kuinama kila baada ya hatua chache kushika udongo. Njia yenyewe haina lami wala saruji. Ni udongo uliomwagwa, ukashindiliwa, ukachongwa kona na matuta ya kurukia. Na kwa maoni yangu, mtu huyu wa mpira ndiye anayeamua mbio zitakuwaje, kuliko mota, kuliko betri, kuliko kidole cha dereva.

Kwanza historia kidogo, tusipotee. Mwaka 1979 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa magari mawili, Rough Rider na Sand Scorcher, yaliyotengenezwa yapite mchangani. Watu wakayapenda, na kama kawaida ya binadamu, wawili wakiwa na magari yanayofanana wanataka kujua la nani lina mbio. Mwaka 1984 Associated Electrics ya California ikatoa RC10, gari lililobuniwa tangu skrubu ya kwanza kwa ajili ya kushindana kwenye udongo. Mwaka uliofuata mashindano ya kwanza ya dunia ya kipimo cha moja kwa kumi yakafanyika Del Mar, California hukohuko, na RC10 ikatwaa taji la magari yanayosukumwa na magurudumu mawili. Wale wa moja kwa nane wakaanza ya kwao mwaka 1986 mjini Grenoble, Ufaransa. Mwaka 1987 huko Romsey, Uingereza, kijana wa Kijapani aitwaye Masami Hirosaka akachukua taji lake la kwanza la dunia, na kabla hajapumzika alikuwa amekusanya 14.

Tangu hapo mashindano yamezunguka dunia, Sydney, Vaasa kule Finland, Chico ya California, Perth ya Australia. Na kila yanapokwenda, mabingwa wanashuka kwenye ndege na masanduku ya matairi ya aina kumi na tano, kwa sababu hawajui udongo wa mwenyeji utataka nini. Gari wanalijua. Udongo hawaujui.

Sasa mtu atauliza, kwani kigari kidogo namna hiyo kinahitaji njia ya kuhangaikiwa? Si kitapita popote? Ni kinyume chake. Fanya hesabu ya kipimo. Kokoto ya sentimeta 2, ambayo gari la kweli halina hata habari nayo, kwa gari la moja kwa kumi ni jiwe la sentimeta 20 katikati ya barabara. Mbwa akipita usiku juu ya udongo mbichi, asubuhi nyayo zake ni mashimo. Kwa hiyo udongo wa uwanja huu lazima uchekechwe, na uchekechwe kweli, si kutolewa mawe makubwa kwa mkono na kusema yatosha.

Halafu kuna kitu ambacho hakipunguzwi kwa kipimo chochote, nacho ni mvuto wa dunia. Kitu kikianguka kutoka urefu wa mita moja, kinafika chini kwa muda usiozidi nusu sekunde, kiwe lori au kiwe kigari. Lakini mita moja kwa kigari hicho ni kama mita kumi kwa gari la kweli, yaani kulidondosha kutoka juu ya jengo la ghorofa tatu. Magari haya yanafanya hivyo kila mzunguko, yanatua, yanaendelea na safari. Ndiyo maana mtu anayeyatazama mara ya kwanza anahisi kama anaona filamu iliyoongezwa kasi. Na ndiyo maana mjenzi wa uwanja hawezi kuchukua ramani ya njia ya pikipiki za matope, akaigawa kwa kumi, akaleta koleo. Hesabu itamsuta.

Tuanze basi na udongo. Wengi wakipata kiwanja wanaanza kwa kuagiza lori la udongo, wowote utakaoletwa. Mtu mwenye busara anaanza na chupa. Chukua chupa ya jamu yenye mdomo mpana, tia udongo mpaka nusu, jaza maji, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mezani usiiguse. Ndani ya dakika moja hivi mchanga utakuwa umekaa chini. Baada ya saa chache juu yake litakaa tabaka la vumbi laini, lile ambalo si mchanga na si mfinyanzi. Mfinyanzi wenyewe unachelewa: utaona maji yameendelea kuwa na ukungu siku nzima, pengine zaidi, mpaka chembe zake nazo zikubali kutua. Hapo pima kwa rula matabaka hayo matatu, umeujua udongo wako.

Mfinyanzi ndio gundi. Bila huo uwanja unafumuka siku ya kwanza. Lakini ukizidi unakuja na maradhi yake: ukilowa unateleza na kunata kwenye matairi, ukikauka unapasuka. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda maabara kulifahamu hilo. Ule udongo mweusi wa mbugani unavimba wakati wa masika, na kiangazi unatoa nyufa zinazomeza mguu wa mbuzi. Usijenge uwanja juu yake, hata ukipewa bure. Udongo mwekundu una matumaini zaidi, ila una vijiwe vingi, na chekecheke itachakaa kabla hujapata wa kutosha. Mchanga nao unahitajika kiasi, kwani ndio unaoruhusu maji kupenya chini badala ya kusimama juu.

Adui wa kweli ni lile tabaka la katikati. Likizidi, jua la saa nne asubuhi linageuza njia yako kuwa unga. Waliofuatilia Safari Rally tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 wanaujua ule unga wa Naivasha unaoitwa fesh-fesh, unaofunika mashimo mpaka dereva anayaona tayari yuko ndani. Kwenye uwanja wa rimoti unga wa aina hiyo, hata ukiwa wa kina cha kidole, unafanya kazi ileile ya uharibifu.

Ukishapata udongo, unaumwaga kwa matabaka. Hapa ndipo watu wenye haraka wanapojichimbia kaburi. Wanamwaga nusu mita kwa mara moja, wanapita na mashine ya kushindilia juu, uso unakuwa mgumu, wanapeana mikono. Chini kumebaki kulegea. Mvua ya kwanza ikinyesha, uso unadidimia na kona iliyokuwa bapa inakuwa beseni. Weka sentimeta 15, shindilia, weka nyingine, shindilia tena. Na unyevu uwe wa kadiri.

Hilo la unyevu lina kisa chake, niruhusuni nitoke njiani kidogo. Mwezi Machi 1928 bwawa la St. Francis, lililokuwa likihifadhi maji ya jiji la Los Angeles, lilibomoka usiku wa manane na kuua watu zaidi ya 400. Jiji likahitaji bwawa jingine badala yake, na safari hii likajengwa la udongo, kwenye korongo la Bouquet. Mhandisi mmoja wa mradi huo, Ralph Proctor, akajisumbua kupima jambo ambalo mafundi walikuwa wakilikisia kwa macho: udongo ushindiliwe ukiwa na maji kiasi gani ndipo ubane kuliko vyote? Mwaka 1933 akachapisha majibu yake. Udongo mkavu haubani, chembe zinasuguana na kugomeana. Ongeza maji kidogo, chembe zinateleza na kuingiliana, unabana vizuri. Ongeza zaidi, maji yenyewe yanachukua nafasi, na maji hayashindiliki, kwa hiyo unaanza kupoteza. Katikati kuna kilele, na kila udongo una kilele chake. Mpaka leo wahandisi wa barabara zetu wakipeleka sampuli maabara wanaulizana Proctor ni ngapi. Mjenzi wa uwanja wa rimoti hana maabara, ana kiganja. Anafumbata udongo, anaufungua mkono: ukibaki donge, na ukilivunja kwa kidole gumba likagawanyika vipande viwili vitatu safi, shindilia. Likimeng'enyuka, ongeza maji. Likiacha rangi ya tope mkononi, nenda kanywe chai, urudi baadaye.

Ramani ya uwanja nitaipitia haraka. Upana wa mita nne unatosha magari ya moja kwa nane kupitana bila kugombana. Usinyanyue tuta refu mahali ambapo litamficha mtu wa jukwaani kona iliyo nyuma yake. Pembezoni wanatumia mabomba ya plastiki meusi, yale ya mifereji yenye mikunjo, yakafungwa chini kwa vigingi vya nondo, na kichwa cha kigingi kizamishwe, kwani mtu atakimbia hapo kuinua gari lililopinduka na hatakuwa anaangalia miguu yake. Kwenye mstari wa kumalizia kuna waya uliofukiwa, unaopokea alama kutoka kwenye kidude kilichofungwa ndani ya kila gari, na kompyuta inahesabu mizunguko. Teknolojia hiyo ilienezwa na kampuni ya AMB ya Uholanzi, na kabla yake palikuwa na watu waliokaa na karatasi na penseli, na ugomvi kila Jumamosi. Waya huo una tabia moja: siku ya kubadilisha ramani, hakosi mtu mwenye koleo atakayeukata.

Matuta ya kurukia yanastahili muda zaidi, maana ndiyo yanayowavuta watazamaji. Chukua tuta lenye mwinuko wa nyuzi 20. Gari likilipanda kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde, ambao ni kama kilomita 29 kwa saa, litaruka mita 4 na kidogo. Likija kwa mita 10 kwa sekunde, litaruka mita 6 na nusu. Angalia hapo: mwendo umeongezeka robo tu, umbali umeongezeka zaidi ya nusu. Kwa hiyo ukiweka matuta mawili pacha yenye pengo katikati, dereva mwenye gari la polepole kidogo hatofika, atalipiga tuta la pili kwa pua, na mkono wa gurudumu la mbele utavunjika. Fundi mwenye huruma anajaza lile pengo, tuta linakuwa bapa juu mithili ya meza. Hodari ataruka lote na kutua kwenye mteremko wa upande wa pili. Mgeni atatua juu ya meza, atapoteza sekunde moja, na atarudi wiki ijayo. Viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya mabingwa watano tu vina kasoro hiyo: baada ya miezi sita vinabaki na mabingwa watano.

Sasa tufike kwenye maji yenyewe.

Kwa nini udongo wenye unyevu unashika? Kati ya chembe na chembe kunakuwa na utando mwembamba wa maji, na utando huo unazivuta chembe zikaribiane. Kausha, utando unatoweka, chembe za juu zinaachana na kuwa vumbi. Lowesha kupita kiasi, nafasi zote zinajaa maji, hakuna tena utando wa kuvuta, na chembe zinaogelea. Kazi ya mwenye mpira ni kuiweka njia nzima katikati ya hali hizo mbili, kutwa nzima, huku jua likipanda na upepo ukibadilika, na huku magari yanakwangua.

Anaanza usiku wa kuamkia mbio. Anamwagilia kwa wingi na polepole, anaacha yazame, anamwagilia tena. Maji ya usiku ndiyo akiba: yanashuka chini, na kesho yatakuwa yakipanda kidogokidogo kadiri uso unavyokauka. Wengine wanafunika na turubai mpaka asubuhi. Alfajiri anapita mara moja kwa matone madogo. Baada ya hapo, mchana kutwa, ni kunyunyiza tu, mvuke mwepesi wa kutuliza uso. Mgeni katika kazi hii utamjua: anaona vumbi saa sita mchana, anaogopa, anafungulia maji yote. Uso unakuwa utelezi, chini yake kumebaki kukavu, na matairi yanaubandua uso wote ndani ya mizunguko mitatu. Kosa alilifanya jana usiku alipolala mapema. Mchana halirekebishiki.

Na hapa ndipo haki inapoingia. Siku ya mchujo madereva wanagawanywa makundi, kila kundi linakimbia kwa zamu. Kundi la kwanza likipata njia iliyonyunyizwa sasa hivi na la nne likapata vumbi, muda wao haulinganishiki, hata mngewapa magari yaleyale. Mwenye mpira akinyunyiza kabla ya kundi alimo shemeji yake, hilo nalo litasemwa. Ndiyo maana mashindano makubwa mengi yanatoa pointi kwa kila raundi peke yake, badala ya kuchukua muda bora wa siku nzima: walau wanaolinganishwa wamekimbia ndani ya saa ileile, juu ya udongo wa saa hiyo. Na viwanja vinavyojiheshimu vinatangaza ratiba ya maji mapema na kuibandika ukutani.

Fainali ya dunia ya magari ya moja kwa nane inachukua dakika 60 mfululizo. Magari hayo yanatumia injini ndogo zinazokunywa mchanganyiko wa methanoli na nitromethani, tangi lao halizidi sentimeta za ujazo 125, kwa hiyo kila baada ya dakika chache yanaingia pembeni kujazwa na kutoka. Kwa kawaida katika saa hiyo maji hayamwagwi. Njia ya dakika ya tano na njia ya dakika ya hamsini ni njia mbili tofauti, na dereva aliyechagua matairi ya ile ya kwanza ataipata shida kwenye ile ya pili. Nimewasikia watangazaji wa mbio wakisema bingwa fulani alichoka mwishoni. Mara nyingi mtu hajachoka, udongo ndio umemgeuka.

Kwenye mfinyanzi mzuri hutokea jambo la kupendeza. Magari yakipita palepale mara mia kadhaa, njia wanayoipenda inasagika, inang'aa, inachukua mpira mweusi wa matairi mpaka ikipigwa na mwanga wa pembeni inaonekana na rangi ya samawati. Hapo inashika ajabu. Madereva wanavua matairi ya vipele na kuvaa vipara, tena wengine wanayasugua na msasa ili vipara viwe vipara kweli. Lakini ile njia ya samawati ni nyembamba, pengine upana wa mwanamume aliyepanua mikono. Ukitoka nje yake kidogo tu unakanyaga punje zilizotupwa pembeni, na gari linakwenda linakotaka. Kazi ya fundi wakati huo ni ufagio, si maji. Kati ya raundi na raundi watu wanaingia na fagio au mashine ya kupulizia majani, wanasafisha pembeni ili kupitana kuwezekane. Ukiacha kufagia, mbio zinakuwa msafara wa harusi, kila mtu nyuma ya mwenzake.

Kuna wanaotia vitu kwenye maji. Kloridi ya kalisiamu, chumvi inayovuta unyevu kutoka hewani, inasaidia sana kupunguza vumbi, na wajenzi wa barabara za vumbi wanaitumia miaka mingi. Ila inakula chuma. Skrubu zinashika kutu, beringi zinaanza kulia, na majani yaliyo kando ya mfereji yanakauka. Wengine wanatia sukari, matairi yashike zaidi, na sisimizi nao wanapata taarifa. Mimi sina ugomvi na sukari. Chumvi ningeiruhusu pale tu maji yenyewe yanapokuwa haba kweli, na ningewatangazia madereva kabla hawajashusha magari yao chini.

Matengenezo ya mashimo yatawagusa hata wasikilizaji ambao hawatashika rimoti maishani. Shimo linatokea mahali palepale kila wiki: penye kufunga breki kabla ya kona, penye kutua baada ya tuta, na kwenye uso wa tuta lenyewe. Fundi mvivu anachota udongo mkavu uliolegea pembeni, anautia ndani, anaukanyaga na kiatu. Gari la tatu linautoa wote. Nimemwangalia mmoja anayeijua kazi. Alipiga magoti, akachukua mwiko, akakata kingo za shimo zikasimama wima, akafagia unga wote ndani kwa brashi ya rangi. Akanyunyiza maji kidogo, akangoja yanywewe. Kisha akatia udongo uleule wa njia, aliokuwa ameuloweka na kuufunika kwenye ndoo tangu asubuhi, tabaka la kwanza, akaupondaponda na kipande cha mti, tabaka la pili, akaacha umezidi kidogo juu ya usawa, akausawazisha. Akaweka gunia bichi juu mpaka raundi yake ilipofika. Kiraka kile kilimaliza siku. Sasa nikipita kwenye barabara zetu za udongo, nikaona tipa imemwaga kifusi kikavu ndani ya shimo lenye maji na kuondoka, nawaza kwamba yule bwana wa mwiko angefaa kupewa mkataba.

Kuna na yale mawimbimawimbi yanayotokea kwenye njia kavu, yanayotingisha mpaka meno. Zamani watu walilaumu springi za magari. Mwaka 2007 watafiti, wakiwemo wa vyuo vikuu vya Toronto na Cambridge, walizungusha mduara wa mchanga chini ya gurudumu na kuonyesha kwamba mawimbi yanajitokeza hata gurudumu likiwa halina springi, mradi mwendo uvuke kiwango fulani. Yaani hakuna shokapu itakayoyazuia. Kwenye uwanja dawa ni kuyakwangua mpaka chini ya bonde la wimbi, kulowesha na kushindilia upya. Ukikwangua vilele tu, kesho yanarudi palepale.

Kazi yote hii ndiyo imewafanya wenye viwanja vya ndani wengi, Ulaya hasa na siku hizi Marekani pia, kung'oa udongo na kutandika zulia au nyasi za bandia. Matuta wanayatengeneza kwa mbao. Hakuna vumbi, hakuna bili ya maji, gari linarudi nyumbani safi, na njia ya Jumamosi ni ileile ya Jumapili. Nawaelewa. Mtu analipa kodi ya ghala, ana wafanyakazi wawili, hawezi kukesha na mpira. Lakini mbio za zulia zinapoteza kile kinachonivutia mimi: dereva kusoma ardhi inayobadilika chini yake na kuamua, sasa hivi, kama abadilishe njia au avumilie. Kwenye zulia aliyeandaa gari vizuri nyumbani ameshinda nusu ya mbio kabla hajatoka. Kwenye udongo bado anadaiwa. Magari ya moja kwa nane kwa sehemu kubwa yamebaki kwenye udongo, nje, juani, na nadhani yatabaki, maana kufunika uwanja wa ukubwa ule kwa zulia ni fedha ya kujengea nyumba.

Kwa vijana wanaotaka kuanza hapa kwetu, na najua wapo kwa sababu mafundi simu wananiambia wanaletewa rimoti za kurekebisha: msianze na matuta. Mkioneshwa kiwanja, tembeeni kwanza mwone maji ya mvua yanaelekea upande gani, na muweke mteremko mdogo, sentimeta moja au mbili kwa kila mita, yasisimame. Wekeni uzio, kwani tuta likishindiliwa vizuri watoto wa mtaa watalijua kwa baiskeli kabla ya ninyi kulijua kwa rimoti, na mbuzi wanapenda kusimama juu ya kitu kilichoinuka. Kisha, kabla ya kukubaliana bei na mwenye kiwanja, muulizeni bomba liko wapi, linatoka maji siku ngapi kwa wiki, na bili inasomwa kwa jina la nani.